Neno Lisilofunguka

Bibi alikuwa akituuliza, tukiwa tumeuzunguka moto hapa Nyamiaga: "Sungura apite migombani au mtoni?" Tuligombana mpaka upande mmoja ukashinda. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba fisi alimngoja kotekote. Hata hivyo sijawahi kumwona bibi kuwa mwongo. Alikuwa mbele yetu, tungeweza kumbishia.

Nami nimeandika hadithi ya kusomwa kwenye simu, yenye linki. Inahusu daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipovuka kutoka Rwanda kuja kwetu Ngara kwa takriban saa 24. Niliweka matope, magodoro vichwani, moshi wa kuni mbichi pale kambi ya Benaco. Binti amefika darajani, mama yake haonekani. Avuke, au amsubiri? Linki nilizificha ndani ya maneno ya kawaida, bila alama yoyote, kama alivyofanya Mmarekani Michael Joyce katika "afternoon, a story", iliyochapishwa mwaka 1990. Nilitaka msomaji asahau kwamba yupo aliyemchongea njia. Na njia zote mbili nilizifikisha kambini, mama na binti pamoja.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyevuka akiwa msichana na kuolewa hapahapa, alibonyeza huku na huku. Akanirudishia simu. "Mwalimu, mimi nilimsubiri. Hakutokea."

Seremala huficha misumari, na kiti hakimdanganyi mtu, ukikikalia kinakubeba. Mimi nilikuwa nimeficha kwamba uamuzi wa yule binti haukuwa na uzito wowote. Matope yangu yalikuwa ya kweli, na ukweli huo ndio uliousaidia uongo kupita. Nasadiki kwamba Mungu anajua mwisho wa kila njia, nilifundishwa hivyo tangu katekisimu. Lakini kuujua mwisho hakuzifanyi njia kuwa moja: aliyesubiri alisubiri kweli, na kusubiri huko kukampotezea kitu.

Nimeiandika upya. Anayevuka anafika Benaco peke yake. Anayesubiri anabaki na jioni, watu wakimpita, maporomoko yakinguruma chini ya daraja. Nimeishia hapo. Katika ukurasa huo, bonyeza utakavyo, hakuna neno linalofunguka.