Je, Mwami Ana Bwana Juu Yake?

Katika nchi ya Walikale, Wanyanga husimulia habari za mwami Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji Rureke alizitamba, zikaandikwa, na kitabu kikatoka 1969. Baba yake alitaka kumwua tangu alipozaliwa. Mwindo akamshinda, akamsamehe. Hapo hakuna awezaye kumlaumu. Baadaye joka Kirimu likawameza wawindaji wake watatu. Mwindo akaliua, nalo likaliwa.

Je, alikosa? Wengi watakana, wala si bila sababu. Lakini Nkuba, yaani radi, rafiki wa joka lile, akamchukua juu mbinguni mwaka mzima, akateswa kwa mvua, baridi na jua.

Warumi wa kale nao walisimulia kwamba Tullus Hostilius, mfalme wao mpenda vita, aliteketezwa na radi pamoja na nyumba yake. Huyo hakupewa nafasi ya kujirudi, Mwindo alipewa. Nkuba si Mungu, bali wazee hao walikwisha kutambua kwamba ushujaa haumwondolei mtu hukumu.

Mwindo aliporudishwa duniani akawaagiza watu wake: wamwogope mwami, na mwami naye awaogope, walime vyakula vingi, wasigombane, wasimcheke kilema apitaye kijijini.