Afundishaye Hujifunza

Wako watu wasemao, "Sisi hatuwezi kumfundisha mtu, maana elimu yetu ni haba." Maneno hayo yafanana na unyenyekevu, lakini twaona ya kuwa mara nyingi ni woga.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa mahali sita palipotakiwa kumaliza ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Wengi waliojitolea kufundisha hawakuwa walimu wa kazi. Wengine walikuwa wamemaliza shule ya msingi tu. Je, walipungukiwa? Fedha ukiitoa hupungua, bali elimu ukiitoa huzidi.

Sisi nasi tulionjeshwa jambo hili huko Kariakoo. Jioni moja tuliwafundisha wauza mboga hesabu ya kutoa. Tukaandika 52 toa 28, tukasema kama tulivyoambiwa utotoni, "Mbili toa nane haiwezekani, basi twakopa kumi kwa jirani." Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, na deni hili tutalilipa lini?"

Tukanyamaza. Miaka mingi tumekopa wala hatukulipa, wala hatukujua sababu. Tulitamani kumkemea ili kuficha aibu yetu, lakini tukakiri, "Mama, hatujui." Ndipo akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akasema, "Labda ni kama kuvunja noti. Fedha ni ile ile, ila sasa ni elfu moja moja." Naam, ndivyo ilivyo! Hapakuwa na deni lo lote. Midomo yetu ilijua hesabu ile. Akili zetu hazikuijua mpaka siku ile.

Apolo naye alifundisha kwa bidii huko Efeso, hali akijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, wakamweleza zaidi; baadaye akawasaidia sana ndugu wa Akaya.

Basi, ajuaye herufi kumi na amfundishe asiyejua hata moja. Na akiulizwa asilolijua, aseme, "Sijui, tutafute pamoja." Mwalimu afichaye ujinga wake huwapoteza watu wawili: mwanafunzi wake, na nafsi yake mwenyewe.