Mzee Alisema Bado Anasikia

Kuli mmoja wa bandarini, mtu mzima aliyezoea kubeba magunia, aliumwa na gego la chini upande wa kulia. Mwanzo alibana karafuu, kisha akawa anakula dawa za maumivu za dukani. Usingizi ulipomhama kabisa, akajikokota hadi kliniki ya meno.

Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila mlango ulipofunguliwa alisikia mlio wa mashine ya kuchonga meno na makoleo yakigonga sinia. Mwishowe akaitwa: "Namba kumi na nne!" Daktari, kijana wa rika la mwanawe, hakumwamkia. "Kaa hapo. Panua." Kiti kikalazwa, taa ikampiga machoni, sindano ikapitishwa mbele ya uso wake. Alipochomwa tu, moyo ukaanza kumwenda mbio. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini ili dawa isitawanyike upesi na damu isitoke nyingi. Baadhi ya watu huhisi moyo ukidunda kwa dakika chache, kisha hutulia. Angeambiwa hivyo, angevumilia. Hakuambiwa, akajua ndiyo anakufa.

Koleo likaingia kinywani.

"Dokta, bado nasikia."

"Ganzi nimeshakuchoma. Mwanamume mzima na mwili wote huo!"

Muuguzi akacheka. Mzee akashikilia kiti kwa nguvu zote, jino likakatika, mizizi ikabaki ndani ya taya. Akausukuma mkono wa daktari, akatema damu, akatoka zake. "Mwacheni, likimuuma atarudi," daktari akasema.

Mzee alikuwa amesema kweli, tena kweli inayofundishwa vyuoni. Penye usaha, kama chini ya gego lile, pana asidi nyingi kuliko kawaida, na kwenye asidi hiyo lignokaini, dawa ya ganzi, hupenya neva kwa taabu. Kipimo kinachomtosha mgonjwa mwingine humwacha huyu akisikia kila kitu. Hapo daktari hungoja, hujaribu tena, huchoma ganzi kwenye neva mbali na uvimbe, au huutoa usaha kwanza. Kauli ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha njia. Kijana yule akaiita woga.

Mzee alirudi kutibiwa, ila safari hii alibebwa, tena hadi hospitali ya rufaa. Miezi ilikuwa imepita. Chini ya kidevu palivimba pakawa pagumu, ulimi umesukumwa juu, mate hayamezeki, sauti imeziba. Hatari hiyo ilielezwa na tabibu Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836: maambukizi, mara nyingi ya magego ya chini, hushuka chini ya ulimi na kuweza kuziba njia ya hewa. Mzee alipasuliwa chini ya taya, usaha ukatolewa, akawekewa dawa za mshipa, akapona kwa tundu la sindano.

Ikabaki ile mizizi. Aliposikia neno "kung'oa" alitaka kushuka kitandani. Daktari wa pale, mwanamke, akavuta kigoda akakaa mbele yake, barakoa ameishusha. "Shikamoo baba. Mara ya mwisho ilikuwaje?" Akamsikiliza hadi mwisho, hakumkatiza. Kisha akamweleza: "Utasikia kusukumwa na kubanwa, kwa sababu ganzi haiondoi hayo. Ukisikia maumivu, nyanyua mkono wa kushoto, nitaacha." Akampaka jeli ya ganzi kwenye ufizi, akaidunga dawa polepole, akangoja mpaka nusu ya mdomo ikafa ganzi, akagusa ufizi kwa kifaa chenye ncha, akauliza.

Alipoanza tu, mkono wa kushoto ukanyanyuka. Daktari akaacha papo hapo, akatoa kifaa kinywani. "Unaumia, baba?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa naangalia kama kweli utaacha."

Hakuunyanyua tena. Mizizi ikatoka yote.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa kawaida methali hii hutupiwa mgonjwa. Lakini mzee huyu hakuficha kitu. Alisema, akanyamazishwa, na watu walionyamazishwa hivyo ndio wanaokaa na jino bovu hadi shingo ivimbe. Kule bandarini wenzake walishasikia habari ya kliniki ile, na wenye meno mabovu wakaendelea kununua karafuu.

Kwa hiyo wewe uliyeshika koleo, mwamkie mgonjwa wako kabla hujamlaza. Mwambie atakachosikia kabla hajakisikia. Mpe alama ya kukusimamisha, na akiitumia, acha, hata kama unaona hakuna sababu. Akisema bado anasikia, weka koleo chini umpime upya. Nawe unayeketi kwenye kiti, uliza alama hiyo ni ipi kabla hujapanua mdomo.