Mwanafunzi Ugenini

Someni kwanza Matendo ya Mitume, sura ya 17, tangu fungu la 16.

Paulo alikuwa Athene akiwangoja Sila na Timotheo. Alipokuwa akingoja, alitembea mjini akitazama. Athene ulijaa sanamu na madhabahu, naye alizichungulia moja moja, hata akaisoma anwani iliyoandikwa juu ya madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Katika maneno yale machache aliiona njaa ya mioyo ya wenyeji, na hapo ndipo alipopata la kuwaambia.

Siku hizi vijana wetu huenda Ulaya kusoma. Mama huuza mbuzi, usharika huchanga nauli, na baada ya miezi michache picha huanza kufika: minara, theluji, magari ya moshi. Twafurahi kuziona. Lakini yatupasa kuuliza: Je! mwana wetu anatazama kwa macho ya Paulo?

Tuchukue mji wa Wittenberg, ambao Mlutheri gani afikaye Ujerumani hatamani kuuona? Wageni husimama mbele ya mlango wa Kanisa la Ngome, mahali ambapo, kwa mapokeo, Luther alibandika hoja zake 95 mwaka 1517. Hupigwa picha, kisha huenda zao. Lakini mlango ule ni wa shaba, nao uliwekwa mwaka 1858. Ule wa mbao uliteketea vitani mwaka 1760. Aulizaye huambiwa habari hiyo, naye hupata fundisho kubwa kuliko picha: mbao ziliungua, lakini wito wa toba haukuungua, hata umefika Usambara na Kilimanjaro.

Tena aende hata Kanisa la Mji, alimohubiri Luther mara nyingi. Juu ukutani, upande wa nje, pana sanamu ya mawe ya tangu zamani kabla ya Luther, yenye kuwadhihaki Wayahudi pamoja na nguruwe. Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu kikali juu yao. Chini ya sanamu ile, mwaka 1988, liliwekwa bamba la ukumbusho wa Wayahudi milioni sita waliouawa. Kijana asipite akiinamisha uso. Baba zetu katika imani walikuwa wenye dhambi, nasi tu wenye dhambi. Wao na sisi twaishi kwa neema tu. Kanisa linaloficha aibu yake litatubu nini?

Wala asidhani kwamba yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuyakanyaga mawe yale. Mwaka 1534 Mikaeli, shemasi wa Ethiopia, alifika huko akazungumza imani na Luther na Melanchthon. Miaka 200 baadaye, mwaka 1734, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ghana, aliyechukuliwa Ulaya angali mtoto, alipata udaktari wa falsafa katika chuo cha mji huohuo. Basi atembee kichwa juu, bila kiburi na bila unyonge.

Lakini siku za matembezi ni chache, na siku za kawaida ni nyingi. Mwezi wa Desemba jua huzama mnamo saa kumi alasiri. Jirani hupita ngazini kimya. Jumapili maduka hufungwa, na hata hivyo viti vingi kanisani ni vitupu. Hapo majaribu ni mawili: kujifungia chumbani na kulia kwa upweke, au kuwahukumu wenyeji kwamba wamemsahau Mungu. Paulo hakufanya hili wala lile. Kila siku alikwenda sokoni akasema na wale aliokutana nao. Labda yule bibi wa mlango wa pili, anayekula mkate wake wa jioni peke yake, anangoja mtu wa kumbishia hodi. Kwetu hodi ni jambo dogo. Kule yaweza kuwa Injili.

Basi, wazazi, mwana wenu atakaporudi msimwulize habari za minara tu. Mwulizeni: Ulimtembelea nani? Ulijifunza huzuni gani ya wenyeji wako? Uliomba pamoja na nani? Majibu yake yatawaonyesha kama mbuzi yule aliuzwa kwa faida.

Mungu Baba awalinde watoto wetu ugenini, awape macho ya kuona na moyo wa kupenda, kwa ajili ya Yesu Kristo. Amin.