Chekechea ya Kiarabu na Haki ya Mtoto

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga wetu. Na kwa methali hiyo baadhi ya wazazi wa Uganda hujitetea wanapotafuta shule ya chekechea itakayomlea mtoto wao kwa Kiarabu kitupu. Hawatafuti chuo cha kusomeshea alifu na bee, kwani vyuo vipo tangu zama za mababu. Watakacho ni mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu au minne atacheza, atakula, atagombana na wenziwe na kubembelezwa kwa Kiarabu, hata lugha hiyo imwingie kama ilivyomwingia ile ya mama yake. Sisi walimu wa Kiswahili tukiulizwa maoni yetu, hudhaniwa kuwa tutaona wivu. Hatuoni wivu. Lakini twaona kuwa kabla ya kuuliza shule ipi, yatupasa kuuliza swali la haki: je, mzazi ana ruhusa ya kumchagulia mtoto lugha ambayo yeye mwenyewe haisemi?

Wako wasemao kuwa hana, kwa sababu mtoto hajaulizwa. Hoja hii haisimami. Hakuna mtoto aliyepata kuulizwa alelewe kwa Kiganda, kwa Kisoga au kwa Kiswahili. Kila lugha ya utotoni ni zawadi isiyoombwa. Kwa hiyo kosa, kama lipo, litafutwe katika namna ya kutoa zawadi hiyo, na katika kile ambacho mtoto ananyang'anywa wakati anapopewa.

Kwamba jambo lenyewe lawezekana, hapana shaka. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert karibu na Montreal nchini Kanada, wazazi wasemao Kiingereza walipata chekechea iliyowafundisha watoto wao kwa Kifaransa. Wataalamu Wallace Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao kwa miaka kadhaa, wakaona kuwa walikipata Kifaransa kuliko wenzao waliofundishwa kama somo tu, na Kiingereza chao hakikudhurika. Lakini tuyatazame mazingira yao. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani kwao na lugha yenye nguvu katika bara zima. Hapakuwa na mtu wa kukidharau. Tena mwanzoni watoto hawakukatazwa kumjibu mwalimu kwa Kiingereza. Lambert huyo huyo ndiye aliyetufundisha kupambanua kati ya lugha inayoongezwa juu ya nyingine, na lugha inayoingia kwa kuifukuza iliyotangulia.

Mtoto wetu hayumo katika hali ya mtoto wa Saint-Lambert. Lugha ya nyumbani kwake haina ngome ya namna ile. Kiingereza chamngoja shuleni, na sasa Kiarabu chamtangulia mlangoni. Sisi wa Afrika ya Mashariki twajua yaliyompata mtoto aliyefundishwa kuionea haya lugha yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kikikuyu alivyochapwa, au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Adhabu ya namna hiyo haiwi njema kwa kuwa lugha inayotukuzwa ni ya ibada.

Liko na jambo la pili: Kiarabu kipi? Kiarabu fasihi, kile cha vitabuni, si lugha ya mama ya mtu yeyote leo. Mwarabu wa Kairo na wa Maskati kila mmoja hulelewa kwa lahaja yake. Ndiyo maana Dkt. Abdullah al-Dannan, mwaka 1988, alianzisha nchini Kuwait chekechea ambayo walimu wake walisema na watoto kwa Kiarabu fasihi mchana kutwa; nao walikuwa watoto wa Kiarabu! Hapa Uganda tunao mfano wetu. Kinubi, kisemwacho Bombo na kwingineko, kilitokana na Kiarabu cha askari waliotoka Sudani, ambao Lugard aliwaleta mwaka 1891. Hata hivyo aliyekulia katika Kinubi hana budi kujifunza Kiarabu cha vitabuni kama lugha mpya. Mwalimu akimwambia mtoto huyo kuwa lugha ya bibi yake ni Kiarabu kilichoharibika, amemjeruhi, wala hakumfundisha.

Tunaposema hivi hatukipingi Kiarabu. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Kilipokea neno *kitabu* kutoka kwa Waarabu, lakini hakikupokea wingi wake, *kutub*. Kiliona *ki-* mwanzoni mwa neno, kikasema *vitabu*. Mgeni alikaribishwa kwa heshima, akafuata ada za mwenyeji. Kiswahili kiliweza hivyo kwa kuwa sarufi yake ilikuwa imara. Na mtoto vivyo hivyo: akiwa na lugha ya kwao iliyo hai, yenye hadithi, vitendawili na maneno ya kumtuliza anapolia, Kiarabu kitamwongezea. Asipokuwa nayo, kitamwacha njia panda.

Basi mzazi anayetafuta shule ya namna hii ayachunguze mambo matatu. Kwanza, aketi darasani asikilize: je, Kiarabu chatumika katika mchezo na katika chakula, au watoto wanakariri tu majina ya wanyama? Pili, aangalie mtoto anapolia au kuomba maji kwa lugha ya kwao: je, anajibiwa kwa upole, au anakemewa? Tatu, aulize nini kitafuata. Mtoto mdogo huipata lugha upesi, na huisahau upesi asipoitumia. Miaka miwili ya chekechea, kisha kimya, ni gharama bila mavuno.

La mwisho lamhusu mzazi mwenyewe, nalo ndilo zito. Jioni mtoto atarudi na neno jipya mdomoni. Ni nani atakayemjibu? Mzazi asiyejua hata salamu za Kiarabu zaidi ya zile za msikitini, wala hana nia ya kujifunza, anampeleka mtoto peke yake katika nchi ambayo yeye hataki kuizuru. Tena ikiwa haketi naye kumsimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani, amemwondolea na pa kurejea. Kwa maoni yetu, ruhusa ya kumchagulia mtoto lugha ipo, lakini haiji bure. Mzazi huilipa kwa kujifunza pamoja na mwanawe, hata kama ni kwa kusuasua, na kwa kuilinda lugha ya kwao isizimike. Aliye tayari kwa yote mawili, na aitafute shule hiyo bila wasiwasi, nasi walimu wa Kiswahili tutamsaidia kuitafuta.