Je, Yafaa Kumfumia Mtoto Asiyezaliwa?

Mwezi huu twataka kulitazama pamoja nanyi jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, jambo la akina mama na sindano zao. Lakini ndani yake mna swali la imani, na swali hilo limekwisha kuwaumiza wengi.

Kisiwani Unguja, watu hukaa jioni kupunga upepo wa bahari katika bustani ya Forodhani, ile iliyofanywa mwaka 1936, Sayyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake. Hapo tulimwona mama mmoja wa kanisa letu akifuma blanketi la mtoto mchanga kwa sindano ya ndoana. Lilikuwa la mistari: nyekundu, manjano, kijani na samawati. Bibi mmoja mzee aliyeketi karibu naye akamwuliza, “Mwanangu, wamfumia nani?” Akajibu, “Mjukuu wangu, bibi. Bado yu tumboni mwa mamaye.” Yule bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, “Taratibu, mwanangu. Kanzu haikatwi na mwana hajazaliwa.”

Mama akaiweka sindano mapajani, wala hakufuma tena jioni ile. Kwa maana binti yake alikuwa amekwisha kuzaa mara moja, na mtoto akafa siku ya tatu. Nguo zote zilikuwa tayari, na baada ya maziko watu walinong’ona, “Waliandaa mapema mno.”

Basi, swali ni hili: Je, kumwandalia mtoto asiyezaliwa ni imani, au ni kiburi mbele ya Mungu?

Kwanza tusiwadharau wahenga, kwani onyo lao lina kweli ndani yake. Mtume Yakobo naye, katika sura ya nne ya waraka wake, awaonya watu wapangao safari na biashara ya mwaka mzima, hali hawajui habari za kesho. Awataka waseme kwamba watafanya hivi au vile Bwana akipenda. Jirani zetu Waislamu hulisema neno hilo kila siku, na Mkristo asione haya kulisema pia. Ajisifuye kwa mtoto asiyemwona bado, au akopaye fedha kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa kwake, au aliyekwisha kuamua kwamba lazima awe mwana mume, huyo amekata kanzu kweli kweli.

Lakini tuangalie vema jinsi kanzu ishonwavyo. Fundi huhitaji kipimo cha mwili, na kitambaa kikiisha kukatwa hakirudi kuwa kizima. Blanketi la kufumwa si hivyo. Halihitaji kipimo, wala haliulizi kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Lafumwa kitanzi kwa kitanzi, na mpaka uzi ufungwe mwishoni, ukiuvuta kazi yote hufumuka ikawa uzi tena. Mistari nayo huongezwa mmoja mmoja, kwa rangi ya uzi uliopo, kama wanawake wa Unguja wasukavyo ukili wa rangi na kuushona kipande kwa kipande hata uwe mkeka. Afumaye hivyo hajaishika kesho mkononi mwake. Ameifanya kazi ya leo, na kesho, Bwana akipenda, ataongeza mstari mwingine.

Tena, Maandiko yatuonyesha watu waliomwandalia mtoto. Hana alimfanyia Samweli joho dogo mwaka kwa mwaka, akampelekea (1 Sam. 2:19). Huenda mtu akasema, “Samweli alikuwa amekwisha kuzaliwa.” Naam, basi tumtazame Mariamu. Alizaa akiwa safarini, mahali pasipo nafasi, hata mtoto akalazwa horini. Walakini Luka asema kwamba alimvika nguo za kitoto (2:7). Nguo zile zilitoka wapi? Maandiko hayasemi, lakini twaona ni vyepesi kuamini kwamba mama alizichukua tangu Nazareti, akijua kwamba siku zake zi karibu. Aliyepewa ahadi na malaika hakudhani kwamba ahadi yamzuia kufunga mzigo wa nguo.

Tufikiri pia habari za Ludwig Krapf, mtoto wa kanisa la Kilutheri la Württemberg, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kiingereza. Alifika Unguja Januari 1844, kisha akaenda Mombasa. Juni mwaka huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliwafasiria nani? Kanisa lililosoma Kiswahili halikuwako. Julai mkewe Rosine akafa, na binti yao mchanga akafa baada ya siku chache. Krapf hakuiacha kazi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Sisi tusomao leo tulifumiwa kabla hatujazaliwa.

Na tusisahau mwili. Watu hudhani kwamba katika joto la pwani mtoto hana haja ya kufunikwa. Si kweli. Mtoto atokapo tumboni yu majimaji, na hupoteza joto upesi. Waganga husema kwamba joto lake likishuka chini ya 36.5 amekwisha kupoa. Kwa hiyo wakunga huwaagiza akina mama waje na kanga na nguo safi, wamkaushe mtoto, wamweke kifuani pa mamaye na kumfunika. Nguo hizo lazima ziwe tayari kabla ya uchungu. Hata Dakta Martin Luther, alipoandika juu ya ndoa mwaka 1522, alisema kwamba baba afuaye nepi za mtoto wake kwa imani huchekwa na watu, lakini Mungu pamoja na malaika wake humfurahia. Ikiwa kufua ni ibada, kufuma je?

Limebaki neno lililo zito. Mtoto akifa, blanketi lasemaje? Wengi husema kwamba lenyewe ndilo lililoleta msiba. Neno hili ndilo tunalolikataa kwa nguvu zote. Mungu wetu hamwonei mama wivu kwa sababu ya nyuzi za sufu. Blanketi halikuwa deni alilowekewa Mungu, wala halikuwa uchokozi. Lilikuwa upendo, na mtoto alipendwa siku zote alizokuwako, hata zile za tumboni. Amwambiaye mama aliyefiwa kwamba aliandaa mapema mno, amwongezea juu ya kaburi la mtoto mzigo wa hatia isiyo yake.

Kwa hiyo, walimu na wazee, twawasihi: neno hilo lisikike likikemewa katika nyumba za matanga. Wala msimharakishe aliyefiwa azigawe nguo zile. Akitaka mtoto azikwe ndani ya blanketi lake, na iwe hivyo. Akitaka kulihifadhi, alihifadhi. Siku akiona vema kumpa maskini, atakumbuka Dorkasi, ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea (Mdo. 9:39).

Na ninyi mnaofuma, fumeni. Semeni, “Bwana akipenda,” kisha mwongeze mstari. Mungu aliyetuumba tumboni na awabariki. Amina.