Sikio la Alice

Somo la juma hili ni 2 Timotheo 4, na nawaomba msiishie kwenye ule mwendo uliokwisha na taji ya haki. Endeleeni mpaka kwenye salamu za mwisho, mahali ambapo wengi wetu hufunga Biblia. Humo Paulo anasema kwamba alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Huyu ni Paulo yuleyule ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hajitetei, wala hasemi neno lolote kuhusu imani ya Trofimo. Anapitiliza, anamhimiza Timotheo aje kabla ya majira ya baridi.

Yupo mhubiri mmoja ambaye maisha yake yanatusaidia kuusoma mstari huo. Smith Wigglesworth alizaliwa mwaka 1859 katika kijiji cha Menston, Yorkshire, Uingereza, katika familia maskini. Shule hakuiona; akiwa mtoto mdogo alishapelekwa shambani, kisha kiwandani. Ukubwani akawa fundi bomba mjini Bradford. Mkewe, Polly, ndiye aliyemfundisha kusoma, na ndiye aliyekuwa mhubiri wa nyumba hiyo. Smith akisimama mbele ya watu alikwama. Maneno hayakutoka, na mara nyingi alimwachia mkewe amalizie.

Mwaka 1907 alikwenda Sunderland, kwenye kanisa la Kianglikana la All Saints, ambako kasisi Alexander Boddy alikuwa ameanzisha mikutano ya kuutafuta ubatizo wa Roho Mtakatifu. Mary, mke wa kasisi, alimwekea mikono, na Smith akanena kwa lugha. Aliporudi nyumbani Polly hakubabaika. Alimwambia ahubiri mwenyewe Jumapili, ndipo ajulikane alichokipata. Smith akapanda, akahubiri bila kukwama, huku Polly akihangaika kwenye benchi lake akijiuliza kama kweli huyu ni mume wake. (Napenda kwamba upako wa mtu huyu ulipimwa kwanza na mkewe. Wahubiri wengi wa leo wangeponea hapo.)

Polly alifariki mwanzoni mwa mwaka 1913. Baada ya hapo Smith alizunguka Ulaya, Marekani, Australia, New Zealand na Afrika Kusini akihubiri na kuwaombea wagonjwa. Watu walishuhudia uponyaji mkubwa. Lakini alikuwa na mambo ambayo mimi siyatetei: wakati mwingine alimpiga ngumi mgonjwa tumboni penye maumivu, na dawa alizikataa. Huko Sweden, mwaka 1921, serikali ilimzuia kuwawekea watu mikono. Msiige ngumi zile, wapendwa. Mungu akimtumia mtu, hatulazimiki kuokota kila alichokifanya.

Ninalotaka mlitazame juma hili ni jambo jingine. Wigglesworth alikuwa na binti, Alice, na Alice alikuwa mzito wa kusikia. Aliolewa na James Salter, ambaye mwaka 1915 pamoja na William Burton alianzisha misheni ya Kipentekoste huko Mwanza; siyo hii yetu ya ziwani, ni ile ya Katanga, Kongo. Baadaye Alice alisafiri na baba yake kwenye mikutano mingi. Baba akiwaombea viziwi, binti yuko palepale, na mpaka baba anakufa masikio yake yalikuwa hayajafunguka.

Sisi tunaoyajua mabango ya mikutano ya injili, yale yasemayo viziwi watasikia na viwete watatembea, tunajua kingetokea nini hapa kwetu. Binti angefichwa nyumbani, au angeambiwa akiri uponyaji ambao hajaupata. Wigglesworth hakumficha.

Ikaja zamu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa amepita miaka sabini, aligundulika kuwa na mawe kwenye figo. Daktari alishauri upasuaji, naye akakataa. Kwa miaka kadhaa aliishi na maumivu makali, akitokwa na damu, huku akiendelea kuhudumu. Kuna nyakati alitoka kitandani akaenda kuwaombea watu waliokuwa na nafuu kuliko yeye. Kukataa kwake upasuaji nakuhesabu kuwa kosa. Kuendelea kwake kuwaombea wengine siwezi kukuita kosa. Elisha naye aliugua ugonjwa uliomuua, na mfalme akaja kumlilia, na bado alikuwa nabii.

Tarehe 12 Machi 1947 Wigglesworth alikwenda Wakefield kwenye mazishi ya mhubiri mwenzake. Aliingia chumba cha pembeni cha kanisa akamkuta baba wa binti mmoja aliyekuwa amemwombea siku chache kabla. Akauliza binti anaendeleaje. Mzee yule akajibu kwa kusitasita kwamba ana nafuu kidogo. Wigglesworth akashusha pumzi, akainamisha kichwa, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 87, na hakuna aliyeandika kwamba yule mzee alikaripiwa kwa kuleta jibu dogo.

Kwa hiyo wiki hii tunabadilisha kidogo utaratibu wa ushuhuda. Jumapili, baada ya wale waliopona, tutawapa nafasi pia walioombewa na bado wanaumwa, wakipenda kusema. Asiulizwe mtu kama ana dhambi aliyoificha. Wazee wa kanisa watakuwa mbele kuwawekea mikono, hata kama ni mara ya kumi. Na wenye tarehe za kliniki wiki hii, tafadhali waoneni mashemasi kuhusu nauli, kliniki msiikose.